Kwenye kava yuko binti, ila stori ni ya baba: muvi nne za Wahindi wa ughaibuni

Wikendi nzima nimeimalizia kwenye muvi nne, moja nilikua sijawahi kuiona na tatu nazirudia, nimezipiga mfululizo kama mtu anaekula karanga, kila ukisema hii ya mwisho mkono unarudi kwenye bakuli. Zote ni za Wahindi ila sio lile picha la Kihindi tulilokulia nalo, la masaa matatu, steringi anaishi London kwenye jumba afu anarudi Punjab kumbembeleza baba mkwe mkali. Hilo nalo nalipenda, sibishi, ila lile linatengenezwa Mumbai na watu wa Mumbai wanaomuwaza ndugu yao alieko nje. Hizi zimetengenezwa na huyo ndugu mwenyewe alieko nje. Mira Nair kazaliwa Rourkela, India, 1957, kaenda kusoma Marekani na maisha yake yamekua ya huku na huku, New York na Kampala. Gurinder Chadha kazaliwa Nairobi 1960, wazazi wakahamia Southall, London, yeye bado mdogo kabisa. Deepa Mehta ni mtoto wa Amritsar, kahamia Kanada 1973.

Humu nasimulia mpaka mwisho wa stori, kama hujaziona na hupendi kusimuliwa basi rudi baadae.

Kitu nilichokigundua safari hii, angalia makava. Karibu kila kava kuna mtoto, binti na mpenzi wake, binti na mpira, kijana na jina lake. Ndo unachouziwa. Lakini ukikaa ukafikiria, mtoto sio mhamiaji, mtoto kapakiwa kama begi au kazaliwa huko huko, ugomvi wake ni na mama yake kuhusu urefu wa sketi na simu ya nani usiku huu. Aliepanda ndege na akili zake timamu, akijua anaacha nini, ni mzee. Kwahiyo nikaamua safari hii namfatilia mzee tu, kila akitokea simu naiweka pembeni. Na muvi zimebadilika kabisa yani, kama sio zile zile.

Naanza na Mississippi Masala ya 1991 kwasababu ndo kubwa lao. Kavani yuko Denzel Washington na Sarita Choudhury wamelaliana, na hiyo ndo ilikua muvi ya kwanza ya yule dada, wakati Denzel alikua tayari ana Oscar moja mfukoni. Unadhani unaenda kuona mapenzi. Afu inafunguka usiku Kampala, 1972, Idi Amin ameshatoa tangazo lake, Waasia siku 90 wawe wameondoka, na anaeonekana pale sio Denzel, ni Jay, mwanasheria wa Kihindi mzaliwa wa Uganda, kachezwa na Roshan Seth, ametolewa mahabusu baada ya kumsema Amin kwenye mahojiano na BBC. Aliemtoa ni Okelo, rafiki yake wa toka utotoni, Mwafrika, kahonga ili mwenzie aachiwe. Jay bado anabisha, haondoki, hapa ni kwetu, mimi Mganda kwanza Mhindi baadae. Okelo anamwambia kwa upole kabisa kwamba Afrika ni ya Waafrika, Waafrika weusi. Jay anavunjika hapo hapo. Siku ya kuondoka hamuagi. Anaingia kwenye gari anamuacha Okelo kasimama, na anaemkumbatia ni katoto Mina.

Nilivoiona mara ya kwanza nilikua mdogo nikasema huyu Okelo mbona katili. Safari hii nimerudisha nyuma mara tatu nimuangalie usoni. Sio katili, yule anamuokoa. Anajua Jay ni mbishi, ukimwambia utauawa atakujibu wacha waniue, kwahiyo anatafuta neno litakalouma mpaka aondoke mwenyewe. Na Jay analibeba lile neno miaka kumi na nane, analipeleka Uingereza, analipeleka Marekani, anaishi nalo kwenye chumba cha moteli ya ndugu pale Greenwood, Mississippi, na kazi yake kubwa ni kuandika barua kwa serikali ya Uganda arudishiwe mali yake. Mke wake Kinnu (Sharmila Tagore, jamani huyu mama hata akikaa kimya anaigiza) ndo anaendesha duka la pombe, ndo anaingiza hela. Mina ana miaka 24 anasugua vyoo vya moteli. Mzee anaandika barua.

Hapo ndo Nair kanishika. Maana muvi nyingi za wahamiaji zinakwambia mzee ana huzuni ya nyumbani na nyumbani ni India, utaona maembe na mto na bibi. Huyu mzee hana habari na India kabisa. Anapolilia ni Kampala. Ile familia ukiwauliza kwenu wapi inabidi uvute kiti ukae, Wahindi ambao hawajakulia India, wamefukuzwa Uganda, wamepitia Uingereza, sasa wako kwenye pamba za Mississippi. Sasa mwambie mtu kama huyo achague utambulisho wake, achague upi?

Na kitu kingine, Nair hawatetei Wahindi wenzie, hawaoshi. Kuna ile ajali, Mina anagonga gari ya Demetrius (Denzel, ana biashara ya kusafisha makapeti), basi mmoja wa wale wazee wa moteli anaenda kumwambia yeye na mwenzie kwamba jamani sisi sote sio wazungu, weusi, kahawia, njano, tushikamane. Maneno matamu mpaka unataka kupiga makofi. Kumbe anaogopa kushtakiwa mambo ya gari tu. Mina alivokuja kukutwa na Demetrius kitandani kule Biloxi, wale wale wa tushikamane wakamnyima Demetrius kazi za makapeti, na benki nayo ikaanza kumbana na mkopo wake. Umoja wote umeisha kwa shuka moja. Kuna na wale wamama wawili wa umbea, mmoja ndo Nair mwenyewe kajichomeka, wanapiga hesabu za Mina kwamba unaweza ukawa mweusi na hela, au mweupe huna hela, ila uwe mweusi na huna hela afu umtake Harry Patel, yule kijana wa Kihindi, hapana. Nimecheka kwa uchungu, maana hiyo hesabu nani hajawahi kuisikia mezani kwa shangazi.

Nair kasimulia mwenyewe kwamba alipokua anatafuta hela ya hii muvi waliombwa waweke steringi mzungu, akawaahidi kitu kimoja, wahudumu wote wa mgahawa watakua wazungu. Akaishia kuipata hela kwingine.

Kwa picha yenyewe, tafuta kopi iliyosafishwa upya, ya 2022, ilisimamiwa na Nair na mpiga picha wake Ed Lachman. Mi nilikua nimezoea kopi ya zamani ambayo Kampala yote ilikua rangi ya chai ya maziwa. Kwenye hii mpya ule udongo mwekundu unaonekana mwekundu, majani yana maji, afu ikihamia Mississippi unaona rangi zimebanwa, ni lami na neon na kapeti chafu, na ghafla unaelewa kwanini mzee anaandika barua. Hiyo peke yake inatosha kuinunua.

Lalamiko langu ni moja ila ni kubwa. Okelo. Muvi nzima imening'inia kwenye neno la Okelo, na Okelo kapewa dakika chache za mwanzo basi. Mwisho Jay anarudi Kampala kwa ajili ya kesi ya mali, anaikuta nyumba imechakaa, anaulizia rafiki yake, anaambiwa alishauawa muda mrefu, mwaka ule ule wa 1972. Yani kumuokoa Mhindi kumemgharimu roho, na sisi hatukuonyeshwa hata kidogo, tunapewa kama taarifa. Mke alikua nae? Watoto? Aliemuuza nani? Hii ndo shida ya macho ya ughaibuni, hata yakiwa macho mazuri kama ya Nair, yanaangalia mlango aliotokea mtu, nyuma ya mlango huko hayaoni. Nyota nne na nusu, ile nusu nimempa Okelo.

(Kwa wapenda kufatilia, wakati Nair anafanya utafiti wa hii muvi Kampala ndo alipokutana na Mahmood Mamdani, ambae nae alifukuzwa 1972. Wakaoana. Mtoto wao Zohran, kazaliwa Kampala 1991, ndo huyo alieshinda umeya wa New York Novemba 2025. Mississippi Masala sehemu ya pili tunaiangalia kwenye habari.)

Ya pili ni Bend It Like Beckham, 2002, ya Chadha, na hii najua wengi mmeiona maana ilifika mpaka kwenye televisheni ya Korea Kaskazini 2010, sitanii. Jess Bhamra, Kalasinga wa Hounslow karibu na uwanja wa Heathrow, ndege zinapita juu ya nyumba kila baada ya sentensi mbili, anataka kucheza mpira wa wanawake, mama anataka ajue kupika aloo gobi (viazi na koliflawa), dada mtu anaolewa, fainali na harusi zimegongana siku moja. Ni nyepesi, inachekesha, muziki umo, na ile friikiki ambayo badala ya ukuta wa mabeki Jess anaona mashangazi na mama wamejipanga na sari zao, hiyo sini itanifanya nicheke hata nikiwa na miaka 80.

Ila mfatilie mzee. Anupam Kher, kilemba, anafanya kazi Heathrow, mpole, haongei sana. Muvi inamficha, unamchukulia kama wale wababa wa kutikisa kichwa tu. Afu wakati kila mtu anadhani anamkataza mtoto mpira kwasababu ya mila, anafungua mdomo. Anasema alivokua kijana Nairobi alikua mrushaji mpira hodari kabisa wa kriketi shuleni kwao, timu yao ilibeba mpaka kombe la Afrika Mashariki. Kafika Uingereza, wazungu wa klabu wakamcheka kilemba wakamtimua. Akaacha. Hataki binti yake aumizwe vile vile. Basi, hiyo hotuba haina hata dakika mbili, haina violini, na imebadilisha muvi nzima, maana mpaka hapo ulidhani kuta ziko ndani ya nyumba, kumbe ukuta wa kwanza ulijengwa kwenye klabu ya kriketi kabla Jess hajazaliwa. Na Chadha hakuitunga hewani, baba yake mwenyewe alitoka Kenya na kilemba chake akafungiwa milango ya ajira Uingereza.

Na tena Nairobi ndo mahali mzee alipokua MTU. Tuizoee hiyo, kwa hawa watu wa Southall na Hounslow nyumbani kunaweza kua Nairobi, India ikawa ni kwa babu.

Kisichonifurahisha ni huyu kocha Joe. Jess anatukanwa uwanjani, tusi la ubaguzi, anamsukuma yule dada, anakula kadi nyekundu, analia kwamba huwezi kuelewa, kocha anamjibu mimi ni Mwairishi, naelewa sana. Afu wanakumbatiana na baba anawakuta. Ndugu yangu Joe, hapana. Uairishi Uingereza una historia yake sikatai, ila hapo skripti imetafuta njia ya mkato ya kutufikisha kwenye busu, jeraha la binti limefunikwa na plasta ya mwanaume. Na hii ni ugonjwa wa muvi nyingi za hivi, uhuru wa binti wa Kihindi lazima uje na mvulana mzungu pembeni kama vile zinauzwa pakiti moja. Rafiki yake Jules nae katupiwa mvulana huyo huyo wagombanie wakati urafiki wao wenyewe ulitosha kabisa. Nyota nne lakini, sina moyo wa kushuka zaidi, na kwenye DVD kuna nyongeza ambapo Chadha anapika aloo gobi huku mama yake na shangazi wanamsimamia na kumkosoa, hiyo nyongeza ina utambulisho wa mhamiaji kuliko muvi zingine nzima.

Ukiwa na muda ongeza ile yake ya mwanzo, Bhaji on the Beach ya 1993, skripti ya Meera Syal, wamama na mabinti wa Birmingham wanakodi basi dogo kwenda kushinda Blackpool ufukweni. Ni chakavu kidogo, sauti sio nzuri, ila humo binti ana mimba ya kijana mweusi na mwingine kamkimbia mume anaempiga, na wamama wanawahukumu wote wawili huku wanakula chipsi. Ina meno kuliko Bend It.

Sasa The Namesake, 2006, Nair tena, kutoka kwenye riwaya ya Jhumpa Lahiri. Hii niliianzia kwenye huduma moja ya kuangalia mtandaoni, siitaji, ikanitia hasira, kila wakiongea Kibengali maandishi ya chini yanasema "anaongea lugha ya kigeni". Kigeni kwa nani? Nusu ya muvi watu wanapendana kwa hicho kigeni. Nikazima nikatafuta diski, maandishi yakatulia, na nawashauri mfanye hivo hivo.

Kavani ni kijana, Gogol, Kal Penn, na shida yake ya jina la ajabu alilopewa la mwandishi wa Kirusi. Kusema kweli kijana ananichosha. Anabadili jina, anapata demu mzungu tajiri, anajifanya hana kwao, tumeshayaona. Muvi ni ya wazazi. Irrfan Khan na Tabu, Ashoke na Ashima, wametoka Kolkata kuja New York kwenye baridi, hawajuani bado, ndoa ya kupangiwa.

Kuna sini ya viatu. Ashima anarudi nyumbani, wageni wako sebuleni wamekuja kumuona kama anafaa kuolewa, viatu vya mwanaume viko mlangoni, vimeandikwa vimetengenezwa Marekani. Anaangalia kulia kushoto, anaingiza miguu yake humo. Anatembea hatua mbili tatu. Hajamuona uso bado. Basi hapo ameshahama, visa itafata baadae. Hakuna mtu aliesema neno, na mimi nimekaa nawaza viatu vya mtu mwingine vya moto moto miguuni.

Afu New York, asubuhi ya kwanza kwanza, yuko peke yake, njaa, anachukua zile nafaka za Kimarekani za mchele zinazopasuka kwenye maziwa, anazimwagia pilipili ya unga na karanga anakula kikavu. Anataka tu kitu kinachofanana na cha kwao mdomoni. Anafua masweta ya mume yanasinyaa yote anajifungia chooni analia. Nair anaijua hiyo siku, sio ya kusimuliwa ile.

Na Irrfan, jamani Irrfan, Mungu ampumzishe. Mzee Ashoke hana malalamiko kama Jay, hana hotuba kama Bhamra. Kanyamaza tu na kitabu chake. Alinusurika ajali ya treni India akiwa na kitabu cha Gogol mkononi, na ndo sababu ya jina la mtoto, na hamwambii mtoto mpaka mtoto amekua mtu mzima, wako kwenye gari, baba anasema polepole, na mtoto anauliza kwahiyo ukiniona unakumbuka usiku ule? Baba anajibu hapana, unanikumbusha yote yaliyofata baada yake. Nililia 2010 nimelia na juzi. Afu anaenda kufundisha Ohio kwa muda, anafia huko peke yake, taarifa inakuja kwa simu, Ashima anatoka nje ya nyumba pekupeku usiku taa zote zinawaka. Gogol anaenda mochwari, anaenda kwenye kile chumba cha kukodi cha baba, anavaa viatu vya baba. Viatu tena. Nair hakusisitiza, hakuleta muziki wa kutukumbusha, kaviacha pale anaejua ajue.

Hii tano kwa tano pamoja na Gogol na visa vyake.

Ya nne ndo nilikua sijaiona, Heaven on Earth ya Deepa Mehta, 2008, Brampton huko Kanada. Preity Zinta, yule yule wa vishimo mashavuni, ila humu hana hata tabasamu la kuazima. Ni bibi harusi wa Punjab kaletwa kwa mume asiemjua, ukoo mzima umebanana kwenye kinyumba, anafanya kazi ya kufua mashuka kiwandani, mume anampiga, mshahara sio wake. Hamna wimbo wa kukutoa roho juu. Katikati inaingia hadithi ya nyoka inayotokana na tamthilia ya Girish Karnad, na hapo nusu ya watu mtapotea, mimi mwenyewe nilipotea nikarudi. Nampa Mehta heshima yake maana ndo pekee kati ya hawa alieonyesha kwamba yule anaepiga nae kaminywa, anatuma hela, anadaiwa na ndugu, anasubiriwa alete wengine, na bado hajampa ruhusa ya kupiga. Ila siwezi kuirudia. Nyota tatu na nusu, na usiiangalie ukiwa peke yako usiku.

Mpangilio wangu, anza na Bend It ili roho ilainike, fata Mississippi Masala, kula kitu, afu The Namesake, ya Mehta iweke siku yake. Na kwenye Bend It usizime kabla ya mwisho kabisa, najua wote huwa mnazima. Subiri. Jess ameshapanda ndege kwenda Marekani kucheza mpira, na pale kwenye nyasi za Hounslow kuna mzee wa kilemba, miaka yote ile hajagusa kriketi, sasa anacheza na yule kocha Mwairishi, na ndege inapita juu yao.